Kiti Kilichojua Kupanda Tu

Ulamila aliamka na hasira, kama kawaida yake tangu akatwe miguu. Kisukari kilianza na kidole kimoja. Mwisho madaktari walimkata miguu yote miwili chini ya magoti. Asubuhi hiyo alijivuta hadi ukingoni mwa godoro, akanyoosha mkono achukue bakuli la muhogo. Mumewe, Kaliopate, akaliwahi.

"Acha, mama watoto. Nitakulisha."

"Unilishe? Kwani na mikono imekatwa?"

"Nakuhurumia tu."

"Huruma yako itaniua kabla ya kisukari! Lete bakuli langu."

Kaliopate akampa, akatoka nje akiguna.

Hapo kijijini Naivau, kando ya mto Rewa, Ulamila ndiye aliyekuwa kiongozi wa wanawake wasuka mikeka. Hakuna mkeka wa harusi wala wa msiba uliotoka bila yeye kuukagua. Sasa wenzake walikuwa wakikutana bila yeye. Mwisho wa mwezi wangechagua kiongozi mpya, na jina lililotajwatajwa ni la Makereta, jirani yake. Kila akilisikia, Ulamila aliona moto kifuani.

Kilichomkera zaidi ni kile kiti. Chuo kimoja cha Suva, mji mkuu, kilikuwa kimezindua shahada mpya ya tiba kwa vitendo. Wanafunzi wake hujifunza kutumia mashine na kompyuta kuwasaidia wagonjwa na watu wenye ulemavu waendelee na shughuli zao. Siku ya uzinduzi Ulamila alipandishwa jukwaani, akavishwa shada la maua, akapewa kiti cha magurudumu cha umeme. Ukibonyeza kitufe, kiti kinapanda juu; kikirudi, kinaishia kimo cha kiti cha kawaida. Wakubwa walipiga makofi.

"Sasa utalifikia kabati la juu jikoni!" alisema mmoja.

Ulamila hana kabati. Vyombo vyake viko sakafuni, na hupika akiwa amekaa mkekani.

Naivau watu huketi chini. Ukumbini hata mkuu wa kijiji huketi mkekani, na mwenye adabu haweki kichwa chake juu kuliko cha mkuu. Anayepita mbele ya watu huinama na kuomba radhi. Basi Ulamila alipofika ukumbini na kiti chake, kichwa chake kilizidi vichwa vyote. Hakuna aliyemfukuza. Makereta alimwambia kwa upole, "Dada, kaa hapo mlangoni. Pana upepo mzuri."

Akakaa mlangoni. Mvua ikamnyeshea.

Mara ya pili vijana walimshusha mkekani kama gunia. Ngozi ya paja ikachubuka. Kidonda hakikupona upesi, maana ndivyo kisukari kilivyo. Tena hakuweza kurudi kitini bila kubebwa, hata alipobanwa na haja. Aibu ile haikumtoka. Siku kidonda kilipokauka, alimpigia simu Mwalimu Savita, mkuu wa ile shahada.

"Mama Ulamila! Kiti kinaendeleaje?"

"Njoo ukichukue."

"Kimeharibika? Labda hukibonyezi vizuri. Kile kitufe cha kijani..."

"Usinifundishe vitufe! Kiti kinafanya kazi. Nisiyefanya kazi ni mimi! Mmenipa kiti cha enzi, nacho kimenitoa ukumbini. Mliniuliza lini nataka kufanya nini?"

Mwalimu Savita akasema, "Hatukukuuliza."

"Basi njoo uniulize. Na uje na hao wanafunzi wako."

Walikuja kesho yake kwa basi. Mwanafunzi mmoja akafungua kompyuta.

"Funga hiyo," alisema Ulamila. "Kaeni chini."

Walikaa kutwa nzima. Ni watoto wa mjini, wamezoea viti. Miguu iliwafa ganzi, na Ulamila hakuwaonea huruma hata kidogo. Walimtazama akipika, akichana majani ya mkadi ya kusukia. Walimwona pia Kaliopate akikimbilia kumpokonya kisu, sufuria, hata kikombe.

"Bwana Kaliopate, hebu mwache," alisema Mwalimu Savita.

"Kumsaidia mke wangu nako ni kosa?"

"Ukimfanyia kila kitu, na mikono italegea. Daktari ametibu kidonda. Sisi tunauliza: huyu anataka kufanya nini katika siku yake, na nini kinamzuia? Tukishajua, tunabadilisha kifaa, au mahali, au namna ya kufanya. Mashine huja mwisho." Akamgeukia Ulamila. "Mimi niliitanguliza. Nilitaka kitu cha kupendeza jukwaani."

"Kwa hiyo nilikuwa pambo."

"Ndiyo, mama. Una haki ya kukasirika."

"Haki ninayo, sihitaji kupewa. Nataka kuingia ukumbini mwisho wa mwezi. Nikae sawa na wenzangu, na niondoke nikitaka mwenyewe."

Wanafunzi wakakirudisha kiti kwenye karakana ya chuo. Mota iliyojua kupanda tu wakaifunza kushuka hadi karibu na mkeka. Wakatengeneza mto laini kwa vipimo vya mwili wake, ngozi isiumie. Wakamfundisha kujiinua kwa mikono mara kwa mara ili damu ipite, na kukagua ngozi yake kwa kioo kila siku. Kaliopate naye alifundishwa kungoja mpaka aitwe.

"Hilo ni gumu kuliko mota," alilalamika.

Chuoni nako mambo yakabadilika. Sasa mwanafunzi hagusi mashine kabla ya kukaa nyumbani kwa mtu na kumsikiliza.

Siku ya mkutano ilifika. Mlangoni, watu walipovua viatu, Kaliopate aliitwa afute magurudumu. Akafuta, akarudi nyuma. Ulamila akabonyeza kitufe. Kiti kikashuka taratibu, na kichwa chake kikawa sawa na vichwa vya wenzake. Akainama, akaomba radhi, akapita mbele ya mkuu hadi katikati ya wanawake.

"Karibu, dada," alisema Makereta. "Tulikuwa tunataka kuchagua..."

"Nimesikia mnachotaka! Mmeniweka mlangoni, mkaniita mgonjwa, mkagawana kazi yangu. Niambieni, hapa nani anasuka kwa miguu?"

Mkuu wa kijiji alitazama mikono yake mwenyewe.

Makereta alikuwa na mkeka wa harusi mapajani, ukingo wake umekwenda upande. Aliutazama, akamtazama Ulamila, kisha akausukuma mbele yake.

"Basi tuonyeshe, kiongozi. Ukingo huu umetushinda."

Ulamila aliuvuta mkeka, akaugeuza, akakunja uso. Akaanza kuufumua ukingo wote.

"Sogeeni karibu," alifoka. "Sitarudia mara mbili."