Sikio Jekundu la Tupokigwe

Kila asubuhi kabla ya shule, Tupokigwe alikuwa posta ya nyumbani kwao Matwebe. Kwa mila za Kinyakyusa, mama yake, Elina, hakutakiwa kuonana wala kuzungumza na baba mkwe wake, mzee Ambindwile. Baba alikuwa kibaruani mbali. Basi mtoto ndiye aliyepita katikati ya migomba akibeba maneno kutoka nyumba hii hadi ile.

Siku moja sikio lake la kushoto lilivimba, likawa jekundu kiasi cha kuwashia jiko bila kiberiti. Ajabu ni kwamba sehemu laini ya chini, pa kuvalia hereni, ilibaki salama.

"Mama amekupeleka hospitali?" babu aliuliza.

"Ndiyo, babu. Wamenipa dawa."

"Babu anasemaje?" mama aliuliza.

"Anasema ni nyuki tu, mama. Litapona lenyewe."

Alidanganya kotekote. Mwaka uliopita shangazi yake Beatrice alipelekwa hospitali, akarudi ndani ya sanduku. Kwa Tupokigwe, hospitali ilikuwa njia ya makaburini.

Sikio lilipoa, kisha la kulia likawaka. Lile la kushoto likalegea, likajikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni.

"We Tupo, sikio lako limesinzia!" mwanafunzi mwenzake, Obed, alimcheka darasani.

Pua ilianza kuuma, sauti ikakauka, mwishowe pumzi ikawa inapiga filimbi. Alijua anakufa, na uongo wake mwenyewe ulikuwa umemwachia nani wa kumwambia?

Mzee Ambindwile aliisikia filimbi ile akiwa shambani. Akaja hadi nyuma ya jiko, akageuza mgongo.

"Mama Tupo! Mbona dawa ya hospitali haimsaidii mtoto?"

Elina alidondosha mwiko. Miaka kumi na minne hakuwahi kuambiwa neno na mkwe wake! Naye akageuza mgongo.

"Dawa gani, baba? Si ulisema ni nyuki?"

Hata kuku waliacha kudonoa.

Siku hiyohiyo walifika hospitali Tukuyu, kisha Mbeya. "Ni ugonjwa wa nadra," daktari alisema. "Kinga ya mwili inashambulia gegedu, ule mfupa laini unaoshikilia sikio, pua na koo. Chini ya sikio hakuna gegedu, ndiyo maana pamesalimika."

Vidonge viliirudisha pumzi. Sikio halikusimama tena.

"Lingepona ningesema mapema?" Tupokigwe aliuliza.

Mama aligusa sikio lililolegea. "Labda. Hatutajua kamwe. Ila ungeendelea kuficha, koo lingeziba, tungekuzika karibu na shangazi yako, nami ningebaki kumlaumu nyuki ambaye hakuwepo. Ukiumwa, sema, mwanangu, hata ukiogopa. Ukituficha, unatufunga mikono."