Picha Alizoleta Sista Catherine

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Rahel alikuwa na kazi mbili: kuteka maji kwenye bomba lililo karibu na stesheni ya Manyoni, na kumpitia Peniel. Kazi ya kwanza aliifanya akinung'unika. Ya pili aliifanya kwa moyo mweupe.

Peniel alikuwa mtoto wa jirani yao Magdalena, ambaye watu wote walimwita Mama Peniel. Alikuwa na miaka saba, na alizaliwa na tundu kwenye moyo. Akitembea kidogo tu alihema kama mtu aliyepanda mlima. Midomo yake iligeuka rangi ya zambarau, naye alichuchumaa palepale njiani mpaka pumzi imrudie. Kwa hiyo Rahel, aliyekuwa darasa la sita, alimbeba mgongoni hadi shuleni huku Peniel akimhesabia mbuzi waliokuwa wakivuka reli.

Hiyo ilikuwa miaka ile biashara huria ilipoanza kushika kasi. Maduka yaliyokuwa yamekaa matupu yakajaa sabuni, redio na khanga za kila rangi. Lakini pamoja na bidhaa walikuja pia watu wasiojulikana walikotoka. Mmoja wao alishuka kwenye treni akiwa amevaa koti jeupe, akaanza kuuza sokoni unga aliouita dawa ya India, inayotibu kila ugonjwa. Baba yake Rahel alinunua kwa ajili ya mgongo wake. Kumbe ulikuwa unga wa muhogo uliochanganywa na majivu! Watu walipomtafuta yule bwana, alikuwa ameshapanda treni na kutokomea. Tangu siku hiyo Rahel alimtazama kila mtu mara mbili.

Siku moja baada ya shule, Sista Catherine, muuguzi aliyepanga chumba mtaani kwao, alimwita Mama Peniel nyumbani kwake. Rahel alikwenda naye, akiwa amembeba Peniel.

"Shikamoo, Sista," alisema Rahel.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni mketi."

Sista Catherine alikuwa ametoka India miezi michache iliyopita. Alimsindikiza huko mtoto mwingine aliyekwenda kupasuliwa moyo. Sasa madaktari walikuwa wamekubali kwamba Peniel naye apelekwe, na Sista angemsindikiza yeye na mama yake.

"Najua unaogopa," alimwambia Mama Peniel. "Nataka uone huko unakokwenda kukoje."

Akapanga picha juu ya mkeka. Zilikuwa picha za rangi, zinang'aa. Katika moja, ng'ombe alikuwa amelala katikati ya barabara kuu huku magari yakimzunguka bila kumgusa. Katika nyingine, mzee alikuwa akipiga pasi ya mkaa chini ya mti, nguo za watu zikiwa zimerundikana pembeni. Kulikuwa na pilipili nyekundu zilizoanikwa juu ya paa hadi paa lote likawa jekundu, wanawake waliobeba vyombo vya maji vichwani, na tausi aliyesimama juu ya ukuta wa shule kama mwalimu wa zamu.

"Huyu ng'ombe hana mwenyewe?" aliuliza Peniel, akacheka hadi akakohoa.

"Huko ng'ombe anaheshimiwa," alijibu Sista. "Hafukuzwi hata akilala mlangoni kwa mtu. Mwanzoni nilishangaa. Baadaye nikaona watu wanaamka, wanateka maji, wanawahimiza watoto wao kwenda shule, wanagombana na muuza nyanya. Nikajisemea, kumbe ni kama sisi tu."

Mama Peniel alitabasamu kidogo. Rahel hakutabasamu. Alikuwa akiangalia picha moja baada ya nyingine, akimtafuta Sista Catherine mwenyewe. Hakuwamo hata katika moja.

Kisha akaikuta picha ya mwisho. Ilionyesha mawe makubwa ya mviringo yaliyopandana, vichaka vya miiba, na mbuzi wakila majani chini yake. Mawe yale aliyajua! Alikuwa ameyaona alipokwenda kwa shangazi yake Mwankoko, kule Singida mjini. Hii siyo India, aliwaza. Hapa ni kwetu.

Alirudisha picha mkekani, akamtazama Sista kwa jicho la pembeni. Kama hakwenda India, alikuwa wapi muda wote ule? Na sasa alitaka kumpeleka Peniel wapi?

Kesho yake bombani, Rahel alimnong'oneza rafiki yake Yasinta. "Usimwambie mtu. Sista Catherine hakufika India. Zile picha amekata kwenye kalenda, na nyingine amepiga Singida."

"Eti nini?" Yasinta aliachama. "Na anataka kumchukua Peniel!"

Yasinta alimwambia mama yake. Mama yake akalifikisha neno hilo sokoni kwenye meza za vitunguu, na kutoka kwenye vitunguu likafika kwenye mashine ya kusaga. Kila lilipopita liliongezwa chumvi. Mwisho wa wiki watu walikuwa wakisema kwamba Sista Catherine ni mwenzake yule bwana wa unga, na kwamba huwachukua watoto wagonjwa wasirudi tena. Akipita mtaani, mazungumzo yalikatika. Akisalimia, alijibiwa na watu wanaotazama chini.

Mama Peniel alisikia. Jioni moja Sista alipokuja kumweleza habari za safari, alimkuta amesimama mlangoni, mikono kaikunja kifuani.

"Mwanangu haendi," alisema, akafunga mlango.

Mwanzoni Rahel alijiona shujaa. Aliona kwamba amemwokoa Peniel kwa macho yake makali. Lakini siku chache baadaye, walipokuwa wakirudi kutoka shule, Peniel alilegea ghafla mgongoni mwake. Rahel alimshusha karibu na reli. Midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka rangi kuliko siku zote, na macho yake yalikuwa yakipinduka.

"Jamani, nisaidieni!" alipiga kelele.

Watu walikusanyika, kila mmoja akitoa shauri lake. Sista Catherine, aliyekuwa akitoka kazini, aliwapenya akapiga magoti mchangani. Alimlaza Peniel kwa ubavu, akayakunja magoti yake mpaka yakagusa kifua, akawa anamsemesha taratibu. "Pumua, baba. Taratibu. Hivyo hivyo." Baada ya muda pumzi ilirudi na ule uzambarau wa midomo ukapungua. Watu walitazamana. Hakuna aliyesema asante.

Mama Peniel alifika mbio, akamnyakua mwanawe.

"Niachie mtoto wangu!"

"Mama Peniel," Sista aliuliza, "nimekukosea nini?"

"Waulize watu."

Sista aligeuka kuwatazama watu. Wote waliangalia pembeni. Rahel alihisi uso ukimwaka, kwa sababu alijua maneno yale yalitoka kinywani mwa nani.

Nyumbani hakula. Mama yake, Martina, alimtazama akichezea ugali, akamuuliza kulikoni. Rahel akaeleza yote.

"Uliziona hizo picha kwa macho yako?" aliuliza mama.

"Ndiyo, mama."

"Ukamuuliza mwenyewe?"

Rahel aliinamia sahani yake.

"Simama. Twende."

Walipiga hodi kwa Sista Catherine jua likiwa bado halijazama. Rahel alisalimia, kisha akabaki ameikodolea macho sakafu. Lakini mama yake hakumsaidia. Ikabidi aseme mwenyewe.

"Sista, mimi ndiye niliyesema hukwenda India. Sikukuona kwenye picha hata moja. Na ile ya mawe... ni Mwankoko."

Sista Catherine aliinuka, akatoa kamera ndogo nyeusi kabatini na kumpa.

"Haina mkanda, lakini chungulia hapa. Unamwona nani?"

"Nakuona wewe na mama."

"Na wewe mwenyewe unajiona?"

Rahel alishusha kamera polepole. Hakuhitaji kuambiwa zaidi.

"Kamera nilikuwa nayo mimi," alisema Sista. "Na hiyo ya mawe, siku niliyoyaona nilikuwa nimemaliza wiki nyingi bila kusikia Kiswahili wala Kinyaturu, isipokuwa kwa yule mtoto niliyemsindikiza. Tulikuwa ndani ya basi. Ghafla nikaona mawe kama ya nyumbani, miiba kama ya nyumbani, mbuzi kama wa nyumbani. Nililia, Rahel. Abiria wakadhani naumwa. Basi liliposimama nikateremka nikapiga picha. Ukiitazama vizuri, utaona mbuzi wale wana masikio marefu, yananing'inia hadi kidevuni. Wa kwetu hawako hivyo."

Sista alimtolea picha ile, naye Rahel akaiangalia. Ilikuwa kweli. Machozi yakamtoka. "Nisamehe, Sista."

"Nimekusamehe. Ila aliyeumia zaidi ni Peniel."

Waliongozana kwa Mama Peniel, wakiwa na picha ile. Rahel alisimama mbele ya mama huyo na kusema ukweli wote bila kujitetea. Mama Peniel alichukua picha ya mawe, akaishika kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Sista.

"Niambie kweli. Ukimpeleka, atapona?"

"Siwezi kukuahidi," alijibu Sista. "Niliyempeleka mwanzo alipona, lakini wako watoto tuliowakuta kule ambao hawakupona. Ninachokuahidi ni kwamba hutakuwa peke yako. Akibaki hapa, umeona mwenyewe leo."

Mama Peniel alifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Yule wa unga alituahidi kila kitu," alisema. "Wewe unaniambia hata yale ya kunitisha. Tutakwenda."

Kabla hawajasafiri, Rahel alirudi kwa Yasinta, akaenda sokoni kwenye vitunguu na kwenye mashine ya kusaga, akisema kila mahali kwamba alikosea. Wengine walimcheka, wengine walimkaripia. Aliendelea.

Walirudi msimu wa alizeti. Nusu ya mtaa ilikuwa stesheni. Peniel aliruka kutoka kwenye behewa akipiga kelele kwamba amemwona tausi akicheza kwenye mvua. Midomo yake ilikuwa na rangi kama ya watoto wengine. Rahel alimkumbatia, kisha akapiga goti mbele ya Mama Peniel.

"Shikamoo, mama. Bado nina aibu."

"Marahaba. Inuka," alisema Mama Peniel. "Kushuku siyo kosa, mwanangu. Hata mimi nilishuku, na dunia ya sasa ina matapeli wengi. Kosa letu mimi na wewe ni kwamba tulizungumza na kila mtu isipokuwa yule mmoja aliyekuwa na jibu. Siku nyingine ukiwa na wasiwasi na mtu, mfuate, umuulize kwa adabu, umsikilize. Neno lako linaweza kumfungia mtoto mlango wa uzima."

Sista Catherine alikuwa akishusha mizigo kwenye ngazi za behewa. Wanawake wa sokoni walisogea mmoja mmoja, wakampokea.