Taa Nyekundu ya Papa Twahiri

Mie sipendi muteja anayekuja saa kumi na moja jioni. Ameshinda siku nzima na ubovu wake, halafu anauleta wakati natafuta sabuni ya kunawa mikono. Lakini Papa Twahiri alifika kwenye atelye yangu ya kutengeneza pikipiki akisukuma yake pikipiki kwa mukono mumoja, jasho linamuchuruzika, ule wa kuume ameukunja kifuani. Huo mukono ulivunjika musimu wa mvua uliopita, siku alipoanguka karibu na Katanika. Yeye aliumia mukono tu. Muke wake, Mama Adija, aliyekuwa amekaa nyuma yake, alikufa pale pale.

"Mama Angélique," akasema, "regilateri inakataa. Na kesho alfajiri napeleka Maimouna kule Nyunzu."

Maimouna ni binti yake, mutoto wake wa pekee. Alikuwa amepata nafasi kwenye masomo ya uuguzi kule, na kesho kutwa njo siku ya mwisho ya kuandikishwa. Regilateri ni kifaa cha kushika mwendo: unafunga kwa sitini, unaachia gazi, ule mushiko wa kuongeza mwendo, pikipiki inakwenda yenyewe. Pikipiki zetu nyingi hazina. Hii yake kubwa ilivuka ziwa kutoka Kigoma. Kwa mukono ule usioweza kukaza gazi, bila regilateri asingefika hata nusu ya njia.

"Acha hapa," nikamuambia. "Urudi saa moja. Na usinisimamie kichwani, sitaki."

Kazi yenyewe si ya kuumiza kichwa. Regilateri ikiona freni imekanyagwa, inajizima. Sasa taa nyekundu ya nyuma ilikuwa inawaka bila muntu kugusa kitu, maana yake pikipiki ilidhani freni imekanyagwa. Nikachomoa waya wa freni ya mukono. Taa ikabaki. Nikachomoa wa freni ya muguu. Ikazimika. Nikasema, haya, nimekupata. Nikatoa kile kiswichi kidogo kinachovutwa na pedali, nikaweka kipya, nikarudisha waya.

Taa ikawaka.

Nilitukana kidogo, Mungu anisamehe. Nikapiga magoti nichungulie. Kiswichi hakikuwa na kosa. Ni pedali njo ilikuwa chini, kiasi cha kidole kimoja. Nikavuta resori yake, ile springi ya kuirudisha juu: ngumu, nzima. Nikaweka kiganja chini ya pedali niinue. Ilipanda polepole... nzito... Nikaachia.

Ikashuka tena. Haikuanguka. Ilikanyagwa.

Hapo nikasikia harufu ya udi. Atelye yangu inanuka mafuta machafu na samaki ndagala za jirani. Udi sijawahi kuuwasha mie.

Muntu mwenye akili angefunga mulango aende kwake. Mie nina kichwa kigumu, na nina kiburi cha kazi. Nikafanya kile mafundi wote tunakifanya tukishindwa na muteja ana haraka: nikachomoa waya wa kiswichi, nikauzungushia utepe wa skochi, nikauficha chini ya kiti. Taa ikazimika. Sasa hata muntu akanyage freni kwa nguvu zake zote, regilateri isingejua. Nilijua ni vibaya. Nilijua pia Papa Twahiri hataona.

Marehemu baba, aliyeniachia ile atelye, aliniachia na sheria moja: fundi aliyetengeneza njo anapanda wa kwanza, peke yake, kabla ya mwenye mali. Hiyo sijawahi kuivunja. Nikawasha, nikashika barabara ya Katanika.

Jua lilikuwa limeingia nyuma ya vilima. Wamama walikuwa wanarudi na kuni, baadaye hata wao wakaisha. Nikafunga regilateri kwa sitini, nikaachia gazi. Pikipiki ikakwenda vizuri kabisa. Nikacheka peke yangu.

Kisha kiti kikashuka.

Kilishuka kidogo tu, kama wakati abiria anapanda. Sikugeuka. Mikono miwili ikanishika kiunoni, myepesi, mikono iliyozoea kushika hapo. Udi ukanijaa puani.

"Polepole..."

Sauti ilikuwa kwenye sikio langu la kuume. Ya mwanamuke. Haikuwa na hasira.

Ndipo kitu kikanikanyaga muguu.

Kilinikanyaga juu ya kiatu, muguu wa kuume, kikausukuma ukashuka na pedali pamoja. Freni ikakamata. Lakini regilateri haikujua, mie mwenyewe niliifunga macho. Ilipoona mwendo unapungua, ikaongeza gazi. Freni inavuta nyuma, mashine inavuta mbele, gurudumu la nyuma linalia, harufu ya freni kuungua... Nilisahau ambreyaji, ile klachi ya kukata nguvu ya mashine. Nilisahau kila kitu nilichofundishwa. Muguu ule ukazidi kunikandamiza, nikaanza kulia kwa uchungu, na sauti ile sasa inasema haraka haraka, polepole, polepole, polepole...

Kidole gumba kikapata kitufe chekundu. Nikazima mashine.

Kimya.

Taa ya mbele ilikuwa inamulika mbao. Mbao ndefu, zimetokeza nyuma ya lori lililokufa katikati ya barabara, bila taa, bila hata tawi la kuonya watu. Zilikuwa mbele ya kifua changu, umbali wa mukono mumoja tu.

Kiti kikapanda. Mikono ikaniachia.

Nilirudi nikisukuma, sikuthubutu kupanda. Papa Twahiri alipofika na Maimouna saa mbili kasoro, alinikuta nimekaa chini, kiatu cha kuume nimekivua. Waya nilikuwa nimekwisha kuurudisha mahali pake. Taa nyekundu inawaka.

"Haijapona?" akauliza.

"Papa Twahiri, siku ile mulianguka, Mama Adija alikuwa anafanya nini?"

Aliangalia binti yake. Kisha akamutuma Maimouna dukani kununua maji, akangoja mupaka binti amevuka barabara.

"Nani amekuambia?"

Nikamusukumia kiatu changu. Juu yake kulikuwa na alama ya kandambili, ya tope bichi. Mvua haikuwa imenyesha wiki mbili.

Alikiangalia sana, asikiguse.

"Alikuwa na miguu mirefu," akanong'ona. "Nikikimbiza, ananyoosha muguu kutoka nyuma, ananikanyaga juu ya kiatu ili freni ikamate. Siku zote. Tulikuwa tunacheka. Siku ile nilikuwa na haraka, nilimutoa... nilimutoa ule muguu kwa teke. Akapoteza kushika, tukaanguka sote."

Akalia kama mutoto. Mie pia nilikuwa na langu la kusema, nikalisema: kwamba nilichomoa waya, na nilitaka kumupatia pikipiki hivyo hivyo, na binti yake nyuma. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Kesho hakuna regilateri," nikamuambia. "Mukono ukiuma, simama, pumzika. Mufike usiku kama ni lazima."

"Na taa?"

"Iache iwake."

Alfajiri walikuja kuichukua. Tulikubaliana Maimouna asiambiwe kitu. Baba yake akapanda mbele. Binti akapanda nyuma, akakaa mwisho kabisa, nusu ya makalio juu ya chuma cha mizigo.

"Sogea mbele, mama, utaanguka," nikamuambia.

Akaangalia ile nafasi kati yake na mugongo wa baba yake.

"Siwezi, Mama fundi," akasema polepole. "Pamejaa."

Walifika salama saa tatu usiku. Kesho yake Maimouna aliandikishwa.

Wiki iliyofuata Papa Twahiri alirudi peke yake, akasimamisha pikipiki mbele ya atelye. Nilitazama nyuma kwanza. Taa ilikuwa imezimika. Nikainama, pedali ilikuwa juu, nyepesi, inacheza kwa resori yake.

"Imepona yenyewe," nikasema.

"Haikupona. Regilateri inafanya kazi tangu nitoke Nyunzu." Alikuwa anaongea na miguu yake, haniangalii. "Amebaki kule na mutoto wetu."

Nikainuka, nikajipangusa mikono. Akapanda tena. Kabla ya kuwasha, aliweka muguu wa kuume juu ya pedali, akautuliza pale, akangoja. Aligeuza kichwa kidogo, kama muntu anayesikiliza nyuma yake.

Alingoja muda murefu. Kisha akafunga kofia yake, akaenda.