Kitovu Juu ya Meko

Kila asubuhi, kabla ya kukoka moto, Mektilda alitazama juu. Hapo juu ya meko yalining'inia mahindi ya mbegu, meusi kwa moshi, ili wadudu wasiyale. Kando yake kulikuwa na kifundo kidogo cha kitambaa. Ndani yake mlikuwa na kitovu kikavu cha Mathias, mtoto wake mchanga.

Mama mkwe wake, bibi Kabula, hakukipenda kifundo hicho hata kidogo.

"Kitovu huzikwa nyumbani, mama Festo," alisema. "Hakikaushwi kama samaki!"

"Hiki ni dawa ya Festo, mama. Redio ilisema."

Festo, kifungua mimba wake, alikuwa na miaka tisa. Alikuwa na selimundu. Chembe zake za damu zilijikunja kama mundu, zikaziba mishipa, na mifupa ikamuuma mpaka sauti ya kulia ikamkauka.

Redio ilisema damu ya kitovu hutibu. Wataalamu huiotesha maabara, kisha huipandikiza kwa mgonjwa. Kuotesha! Kupandikiza! Nani kijijini Ntalikwa asiyeyajua maneno hayo? Kila mwaka Mektilda aliotesha tumbaku kitaluni, akaipandikiza shambani. Na mbegu hutunzwa juu ya meko. Basi naye akatunza. Tena, kwa kuwa tiba kubwa ilikuwa njiani, aliacha kumpa Festo vidonge. Kliniki nayo akaiacha. Masikini, alidhani ameshafika.

Mvua za kwanza zilileta baridi. Festo aliamka amekunja magoti, macho ya njano, hawezi kusimama. Baba yake, Nikolaus, alimpakia kwenye pikipiki ya jirani hadi hospitali ya Kitete, mjini. Mektilda alifuata, Mathias mgongoni, kifundo mkononi.

Muuguzi Advera alimtundikia Festo dripu na kumpa dawa ya maumivu. Mtoto alipotulia kidogo, Mektilda alifungua kile kitambaa.

"Sista, nimeleta mbegu. Naomba mkaioteshe, mumpandikizie mwanangu."

Advera alikitazama kitovu. Hakucheka.

"Keti, mama Festo. Redio haikudanganya. Lakini hiki si chenyewe."

"Si kitovu?"

"Ni kitovu, ila kimekufa. Damu inayosemwa imo ndani ya ule uzi mbichi unaomuunganisha mtoto na kondo la nyuma. Huchukuliwa palepale mtoto anapozaliwa, ikagandishwa kwa baridi kali. Humo mna chembe zinazozaa damu mpya. Wataalamu huziita seli shina."

"Na ile ya Mathias?"

"Ilizikwa pamoja na kondo."

Mektilda alikitazama kitovu kiganjani mwake.

"Hata ingechukuliwa," Advera aliendelea taratibu, "chembe za kitovu kimoja ni chache. Kwa mtu mkubwa hazitoshi. Ndiyo maana huoteshwa maabara ziongezeke, kama miche yako kitaluni. Lakini kazi hiyo inafanywa na maabara chache za nje, na bado wanaichunguza. Hapa nchini wapo watoto wachache waliopandikizwa uloto, ule ute wa ndani ya mifupa, wa ndugu zao. Lazima ndugu awe hana selimundu, na damu zao zipatane."

Mektilda alishika neno hilo kwa mikono miwili.

"Mathias ni ndugu yake!"

"Mmempima?"

"Hajaumwa, sista. Apimwe nini?"

Advera alimchoma Mathias kisiginoni, akachukua tone la damu. Majibu hayakuchelewa. Alipotoka nayo maabara, alikuja akitazama sakafu.

"Naye anayo, mama Festo."

Mektilda alikaa kwenye benchi, kitovu kiganjani, akalia kama aliyefiwa. Mbegu aliyoilinda dhidi ya moto na maneno ya mama mkwe ilikuwa na ugonjwa uleule.

Advera alikaa kando yake mpaka kilio kikapungua.

"Nyinyi wazazi mmebeba urithi wa selimundu kwenye damu, wewe na baba yake, ingawa hamuumwi, na watoto wameupata kwenu wote wawili. Si uchawi wala kosa la mtu. Ila Festo tulimjua akiwa ameshateseka. Huyu tumemjua mapema. Ataanza dawa ya kumkinga na maambukizi leo. Festo arudie vidonge vyake. Wote wanywe maji mengi, wasipigwe na baridi, walale kwenye chandarua. Wakipata homa, waleteni mara moja. Na tiba mpya ikisikika redioni, njoo uniulize kwanza. Usiache ya zamani."

Nyumbani, Mektilda alimkabidhi bibi Kabula kifundo.

"Kizike, mama."

Bibi Kabula hakusema, "Nilikwambia." Alichukua jembe, akachimba karibu na mlango, nao wakafukia pamoja. Bibi naye alikuwa akilia.

Mvua zimekwisha sasa. Festo bado huumwa, lakini si kama zamani, na siku nyingi yuko shuleni. Mathias hajalazwa hata mara moja. Kupona bado hakujaonekana, na Mektilda hajidanganyi tena.

Dawa huzitunza chumbani, mbali na moshi. Zamani kila asubuhi, saa ya dawa, alikuwa akiita jina moja. Sasa anaita mawili, na yote mawili yanaitikiwa: moja kwa neno, jingine kwa kicheko.