Vinyago Vilivyookotwa Mtoni

Asubuhi ile Mwalimu Duangchai alipofungua darasa la watoto wadogo, alikuta kinyago cha mwanawe kinachuruzika maji. Vingine vyote vilivyotundikwa ukutani vilikuwa vikavu, rangi imeshika, gundi imekauka. Hicho kimoja tu, chekundu, chenye pua ndefu kuliko vyote, kilikuwa kinadondosha matone, na chini yake sakafuni palikuwa na kidimbwi cha maji ya tope. Mvua haikunyesha usiku, na paa halikuwa na tundu. Duangchai akakigusa, akanusa vidole. Harufu ya mto ikampanda puani, harufu ya majani yaliyooza chini ya maji. Akachukua tambara, akafuta upesi kabla wazazi hawajaleta watoto, akajiambia kwamba ni rangi tu haijakauka.

Kujidanganya ni kazi nyepesi, na Duangchai alikuwa bingwa wa kazi nyepesi.

Kule mjini Dan Sai mvua zikianza watu huvaa nyuso za mizimu wakacheza barabarani, na hata watoto wa chekechea wana kundi lao. Lakini kinyago cha haki ni shughuli. Uchonge shina la kuti la mnazi liwe uso, uchonge mti uwe pua, ukunjue kapu la kuivishia wali wa kunata liwe kofia. Sasa mtoto wa miaka minne atachonga nini? Utakesha ukichonga mwenyewe huku yeye anakula gundi. Duangchai alitaka njia ya mkato, tena alitaka darasa lake lishinde mashindano ya vinyago, maana mwaka ule ndio wakubwa wa wilaya walikuwa wanaamua kama atathibitishwa kazini au atarudi kulima mihogo kwa mama yake.

Na njia aliijua. Sherehe ikiisha, wale wanaoshika mila hawapeleki kinyago nyumbani. Hukitupa mtoni pamoja na yote yaliyowauma mwaka mzima, homa, ugomvi na mikosi, maji yachukue yapeleke huko yanakojua. Nyuma ya nyumba ya Duangchai mto hupinda, na mizizi ya mianzi hunasa vitu. Mwaka uliopita alishuka na tenga, akaviokota vilivyonasa, akavianika, akavificha darini. Mwaka huu akavigawa darasani. Vilikuwa tayari, vizuri, vya bure. Watoto walipaka rangi juu ya rangi, wakabandika pamba za ndevu na vifuniko vya chupa vya macho, wakafurahi sana. Kile chekundu, kilichokuwa kizuri kuliko vyote, akampa binti yake, Pailin. Nani angempa mtoto wa jirani?

Bupha, msichana aliyemsaidia darasani, alimwona akivianika. Siku moja alimnong'oneza kwamba bibi yake huogopa hata kugusa kilichotupwa mtoni. Duangchai alimwambia kama anaogopa vikapu vibovu, akatafute kazi penye vikapu vizima. Bupha akarudi kupanga mikeka. Kwao walikula kwa kazi ile.

Mchana, baada ya kula, watoto wote hulazwa kwenye mikeka, mapazia yakashushwa, mapangaboi yakazunguka polepole. Siku ile Duangchai alikuwa amekaa mlangoni akisinzia, ndipo akasikia matone, moja, kimya, jingine. Akatazama ukutani. Kinyago chekundu hakikuwapo kwenye msumari wake, kilikuwa usoni mwa Pailin, naye Pailin amelala chali, mikono imenyooka ubavuni, na maji yanamtoka chini ya kinyago yakilowesha mkeka. Duangchai akataka kuinuka, akasita, kwa sababu sasa alisikia kwamba watoto wote darasani wanapumua pamoja, wote wanavuta, wote wanatoa, kama kifua kimoja kikubwa, na katikati ya pumzi hiyo palikuwa na mkoromo wa mzee, mkoromo mzito wa mtu aliyekunywa, na kila ulipopanda harufu ya matope ilizidi mpaka akahisi anaimeza, na ulipokatika ghafla, watoto wote wakageuka kwa mara moja kumwelekea yeye, macho yamefumba.

Akapiga kelele. Watoto wakaamka wakilia kama watoto wengine wowote. Pailin akavua kinyago, akasema ana njaa.

Usiku wake watoto wengi wakashikwa na homa. Asubuhi Bibi Saeng, mpishi wa kituo, alikuwa anakata maini ya nguruwe kwa uji, akageuka kuchukua chumvi, akageuka tena akakuta ubao mtupu. Pailin alikuwa amechuchumaa chini ya meza, mdomo na kidevu vinang'aa damu, anatafuna. Bibi Saeng akamwita kwa upole, atoke. Sauti iliyomjibu ilikuwa ya mwanamume mzee.

"Nyamaza, bibi. Njaa haina adabu."

Bibi Saeng aliijua sauti ile. Kijiji cha juu kulikuwa na mtu aitwaye Thongdam, mwaka jana aliliwa na pepo mla maini mpaka akabaki mifupa ndani ya shati, naye alizungumza hivyohivyo. Mganga Khamsing ndiye aliyemtoa pepo yule, akamfunga ndani ya kinyago chekundu, akamtupa mtoni mbele ya watu. Bibi Saeng akamfuata Duangchai darasani, akamshika mkono.

"Mwalimu, mficha maradhi kifo humuumbua. Vinyago hivi umevitoa wapi?"

"Nilinunua," Duangchai akasema. "Kwa mchuuzi, sokoni Loei."

Kufika alasiri, Pailin hakuweza tena kutembea. Tumbo lilimwingia ndani, macho yakawa makubwa, na alipokuwa yeye mwenyewe alilia kwamba kuna mtu anamkwaruza ndani. Alipokuwa yule mwingine alicheka. Mama yake alimkumbatia akajipigapiga kifua. Msinielewe vibaya, alimpenda mtoto yule. Angekufa kwa ajili yake. Ila hakuombwa kufa.

Khamsing akaja, mtu mfupi, mpole, asiyependa maneno mengi. Akaagiza wote wakutane mtoni na vinyago vyote. Wazazi wakaja wamebeba watoto wenye homa, akaja pia mkubwa wa elimu wa wilaya na sare zake. Khamsing akamfunga Pailin uzi mweupe mkononi, akaweka kinyago chekundu juu ya jani la mgomba, akasema wasikilize vizuri kwa sababu hatarudia.

"Hiki ni nyumba yake. Aliyekitoa majini ndiye atakirudisha, na ajitaje hapa mbele yenu, maana pepo hufuata mkono uliomtoa. Kikirudishwa na mkono mwingine, nyumba itakwenda, mpangaji atabaki ndani ya mtoto. Na hapo sitakuwa tena na pa kumfungia." Akawatazama mmoja mmoja. "Nani alikitoa?"

Duangchai alimwona mama mmoja amemlaza mwanawe mabegani, kijana mzima wa miaka mitano amelegea kama nguo mbichi. Alimwona baba wa mtoto huyo, mwenye mikono ya kubeba magogo, amekunja ngumi. Alimwona yule wa wilaya. Akafikiri watakavyomwangalia, watakavyomwita tangu leo. Akafikiri pia, na hili ndilo lililomponza, kwamba waganga hupenda kutisha, kwamba kinyago ni kinyago na maji ni maji, atupe nani haijalishi.

"Ni Bupha," akasema.

Bupha alikuwa nyuma, amembeba mtoto wa mtu. Akamkabidhi mzazi wake taratibu. Watu walishaanza kumtukana. Mmoja akamsukuma, akaanguka magoti penye tope, na mama wa yule kijana akamtemea mate. Bupha hakubishana nao. Alimtazama Pailin, ambaye wakati ule alikuwa anatabasamu kwa midomo ya mtu mwingine, kisha akamtazama Duangchai.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "huyu ni mtoto wako."

Alikuwa anampa nafasi. Khamsing naye akageuka, akamwangalia Duangchai, akangoja. Neno moja tu lilitakiwa.

"Tupa," Duangchai akasema. "Unachelewa nini?"

Bupha akalia, akajitaja, akatupa. Kinyago kikazama, kikaibuka katikati ya mto, kikaenda. Pailin akapiga ukelele, akazimia. Alipofumbua macho aliita mama kwa sauti yake mwenyewe, sauti nyembamba ya mtoto, akaomba maji. Watu wakashangilia. Homa za wenzake zikashuka jioni ileile, maana pepo alikuwa amekwisha kumchagua mmoja. Bupha alifukuzwa kazi siku hiyo, na familia yake ikahama baada ya watu kuvunja madirisha yao kwa mawe. Duangchai alisema inasikitisha, lakini mtoto wa watu si kitu cha kuchezea.

Juma lililofuata akathibitishwa kazini. Akarudi nyumbani mchana na kuku wa kuchoma na wali wa kunata, akamkalisha Pailin jikoni, akamkatia minofu midogo midogo, huku anamwimbia. Mtoto alikula kimya. Alipomaliza akapangusa mdomo kwa kiganja, kama wafanyavyo wazee.

"Nimevumilia mpaka wamalize kukupongeza," ile sauti ikasema. "Sasa tuzungumze."

Kisu kilimwanguka Duangchai. Akaenda mlangoni ili amwite Khamsing.

"Mwite. Atanifunga kwenye nini?"

Akasimama palepale, mkono kwenye komeo. Nje jirani alikuwa anaanika pilipili, anaimba. Duangchai akarudi, akapiga magoti mbele ya kiti, akayashika magoti ya mwanawe, yalikuwa baridi na yamelowa.

"Ni mimi," akasema. Machozi yalimtoka sasa, ya kweli. "Si Bupha. Mimi ndiye niliyekutoa mtoni, mimi Duangchai, kwa mkono huu. Nimejitaja. Mwache mtoto."

Yule aliyekaa kitini akamsikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha upande, kwa huruma kabisa. Kisha kikono cha Pailin kikampapasa mama yake nywele.

"Mimi nilikuwa najua," akasema. "Ulitakiwa uwaambie wao."

Akausogeza mkono ule, akauweka taratibu juu ya tumbo la mtoto, chini ya mbavu upande wa kulia, penye ini, na Pailin, kwa sauti yake mwenyewe, akaanza kulia.