Kikombe Kilichopita Chini ya Gari

Kisa hiki ni kweli tupu, kuanzia kofia hadi kisigino. Mtu akinikamata na uongo humu, hata wa ukubwa wa punje ya chumvi, nitawanunulia soda wote mlioketi hapa, na mwenye kiu asione haya kuomba ya pili. Haya, sogeeni.

Palikuwa na msichana wa darasa la sita aliyeitwa Kijiti. Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini ukiiona mikono yake myembamba hukuuliza la Kijiti lilitoka wapi. Kila siku akirudi kutoka shule alivua sare, akala, kisha akaenda nyuma ya nyumba kwenye gereji ya mjomba wake. Huko aliosha spana kwa mafuta ya taa na kuzipanga kwa ukubwa. Penye upenyo mwembamba ambao mkono mnene wa mjomba haukuweza kupita, aliitwa yeye.

Juma hilo gereji ilikuwa na mgeni: gari dogo la michezo, jekundu, lenye viti viwili tu na milango mirefu kama mbawa. Mwenyewe alikuwa daktari wa meno, mama mmoja mwenye haraka, aliyeliendesha kila asubuhi kwenda kliniki.

"Likifika kwenye kona linayumba kama mtu aliyeamshwa usingizini," alimwambia mjomba. "Lishushe kidogo likae imara. Ila kumbuka, fundi, mimi siendi mashindanoni. Naenda kazini."

"Kidogo tu, Daktari. Nitalifanya liinamie barabara, lisiilambe."

Wako mafundi ambao hukata springi kwa msumeno, gari likashuka, wakapokea chao wakaaga. Mjomba hakuitaka kazi ya namna hiyo. Alisema kukata springi ni kama kufupisha miguu ya kitanda kwa sababu godoro limekuwa nene. Yeye alifunga springi mpya na shokapu zenye ringi ya chuma. Ukiizungusha ringi huku, gari linashuka. Ukiizungusha kule, linapanda. Alipopata kimo alichokitaka, alichora mstari wa chaki kwenye kila shokapu.

Na hapo alikuwa na kipimo chake cha mwisho, ambacho huwezi kukinunua katika duka lolote la vifaa vya magari. Ni kikombe chake cha chai, cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu. Gari lolote aliloshusha, alilisukuma lipite juu ya kikombe hicho kikiwa kimesimama. Kikipita bila kuguswa, gari liliruhusiwa kwenda barabarani. Kikigongwa, hata mwenye gari angelia ndoo nzima ya machozi, halikutoka.

Jioni hiyo jirani yao aliyeitwa Redio, kwa sababu alikuwa hazimiki, alichungulia juu ya uzio.

"Ndilo hilo la michezo? Mbona limesimama kama mbuzi anayetaka kuruka?"

"Limeshushwa tayari," Kijiti alijibu.

"Limeshushwa wapi? Paka wetu anapita chini yake akiwa amebeba mtoto mdomoni."

Wenzake waliokuwa nyuma yake wakacheka. Kijiti akahisi masikio yakimwaka moto. "Njooni kesho," alisema. "Kesho litakaa chini mpaka sisimizi wainamishe vichwa."

Kesho yake mjomba alikwenda kununua bolti. Kijiti alijilaza chini, akapenyeza mkono wake nyuma ya gurudumu, akaanza kuzungusha ringi. Moja, halafu ya pili, mpaka zote nne. Gari likashuka polepole kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi. Lilipendeza, nisiwafiche. Redio alipolikuta hivyo alilizunguka mara tatu, kisha akapiga magoti kuchungulia chini yake.

Kijiti alikusudia kuzirudisha ringi kwenye chaki baada ya kuringa kidogo. Lakini mjomba akarudi mapema, anatembea upesi.

"Daktari amepiga simu, anataka gari lake leo." Akasimama. Akaliangalia gari, akakuna kidevu. "Mbona naliona limechuchumaa?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Kijiti alipaona kabisa, kama mtu anavyouona mlango uliofunguliwa. Akapapita.

"Springi ni mpya, mjomba. Labda zimejikalia."

"Labda. Tusibishane, tuulize kipimo. Hebu niletee kikombe."

Jikoni, vikombe viwili vilikuwa kwenye rafu: cha mjomba, na cha mdogo wake Kijiti ambaye ndiyo kwanza anajifunza kunywa bila kumwaga. Bati ni lile lile, ukingo ni ule ule wa buluu, ila hiki cha mtoto kilikuwa kifupi. Mkono wa Kijiti ukaenda kwa kile kifupi, naye akaufuata.

Alikiweka mwenyewe chini ya gari. Mjomba alisukuma huku shavu limekaribia sakafu, na kikombe kikapita bila kuguswa.

"Loo, kumbe ni macho yangu," mjomba alisema, akipangusa mikono. "Kipimo kimesema. Panda, twende tukampe mwenyewe."

Kijiti alitaka kusema ana kazi ya shule. Mjomba alikuwa ameshamfungulia mlango. Alikaa kwenye kile kiti kilichozama kama beseni, mkanda ukambana kifua, mlango ukafungwa kwa kishindo kidogo kizito. Kutoka pale chini aliona magurudumu ya malori tu na magoti ya watu.

Kwenye tuta la kwanza, tumbo la gari liliparua lami.

"Jiwe," alisema mjomba.

Kwenye tuta la pili liliparua tena, kwa muda mrefu zaidi. "Jiwe jingine," alisema, lakini taratibu. La tatu halikupewa jina.  Kila Kijiti akitaka kusema aliona kwamba sasa uongo umekuwa wa pande tatu: ringi, springi, na kikombe. Ukigusa mmoja, zote zinamwangukia.

Lango la kliniki lilikuwa na nguzo mbili za saruji, na katikati yake kizingiti kilichoinuliwa ili maji ya mvua yasiingie uani. Magurudumu ya mbele yalikipita. Kisha ukasikika mlio kama wa kijiko kinachokwangua ukoko wa sufuria, gari likapanda juu ya tumbo lake lenyewe, likayumba kama pembea, likatulia. Mjomba alijaribu kurudi nyuma. Magurudumu yalizunguka yakilia. Alifungua mlango wake. Ulikwenda upana wa kidole ukagonga nguzo. Wa Kijiti nao ukagonga ya kwake. Vioo vilishuka nusu tu vikagoma. Jua likawaingilia kupitia kioo cha mbele, na ndani mle hewa ikawa nzito kama blanketi.

Mlinzi alikuja, kisha wagonjwa wakatoka, kama arobaini hivi, wenye pamba mdomoni na mashavu yaliyofura. Mzee mmoja miongoni mwao, mwenye kifua kipana na nguvu za kutisha, aliruka kutoka kwenye benchi, akalishika gari kwa mkono mmoja na kuliinua, lakini kwa adabu akalirudisha ili asimwaibishe fundi.

Daktari alifika akiwa na glavu mkononi. Aliinama kwenye dirisha. "Fundi, si nilikwambia naenda kazini?"

Mjomba hakutafuta maneno ya kujitetea. "Kikombe kilipita, Daktari. Nilikiona. Kama kikombe kilipita na gari limekwama, basi kosa si la kikombe, ni la macho yangu. Ndani ya moyo niliona limeshuka mno, nikajikatalia." Aliushika usukani kana kwamba bado wanakwenda. "Fundi asiyeweza kukiona kimo afunge gereji kabla hajamuumiza mtu."

Hakuwa akitania. Kijiti aliijua sauti ile. Ni ile ya siku alipokubali kwamba mbwa wao mzee hatapona. Alitazama mlango, nguzo. Alitazama mbele, watu. Hapakuwa na pa kukimbilia, na bega la mjomba lilikuwa linagusana na lake.

"Mjomba, macho yako ni mazima."

"Usinibembeleze, mwanangu."

"Sikubembelezi. Nilizungusha ringi ulipokwenda dukani, ili Redio aone. Na kikombe nilichokuletea si chako. Ni cha mtoto."

Wenye meno mabovu walisogea karibu wasikie vizuri.

"Cha mtoto," mjomba alirudia.

"Cha mtoto."

Mjomba alipumua kwa muda mrefu, kama tairi linalotolewa upepo. Kisha akalipima lile dirisha la nusu kwa jicho. "Unapita hapo?"

"Napita."

"Basi pita. Ulichokishusha, kipandishe."

Kijiti alijipenyeza nje kama mjusi, akaangukia viganja. Mlinzi alitoa jeki na spana kwenye buti la gari, akainua pembe moja baada ya nyingine, na Kijiti akalala kwenye saruji ya moto, mkono nyuma ya gurudumu. Chaki ya mjomba ilikuwa ingali pale. Alizungusha kila ringi mpaka ikaugusa mstari. Gari lilipanda, tumbo likaachana na kizingiti, likasukumwa nyuma taratibu. Mjomba akatoka, akanyoosha magoti yaliyokunjamana.

Kijiti alidhani yamekwisha. "Bado," mjomba alisema. "Nenda nyumbani ulete kikombe changu. Kwa miguu."

Alikwenda na kurudi akitota jasho. Safari hii mjomba hakuinama. Alimwambia Kijiti aweke shavu lake sakafuni, yeye akasukuma. Kikombe kirefu kilipita chini ya gari bila mlio, na baadaye gari likakivuka kizingiti bila kukigusa.

Daktari alikijaza kikombe kile maji, akampa Kijiti anywe. "Hata mimi nikikuta jino limeoza silifuniki kwa pamba nikaliita zuri," alisema. "Usiku litaniumbua."

Mjomba alichuchumaa mbele ya mpwa wake. "Jumamosi tutapaka rangi tumbo la gari pale lilipokwanguka, mimi na wewe. Lakini sikiliza. Leo uliponiletea kile kifupi, hukunidanganya mimi peke yangu. Ulinifanya nisiyaamini macho yangu, na fundi akiacha kujiamini hana tena kazi. Mtu unaweza kumhadaa, hata kikombe ukakibadilisha. Barabara haihadaiki, itapima upya, na itapima mbele za watu. Kwa hiyo ukikosea, niambie tukiwa bado gerejini."

"Nitakuambia, mjomba."

Na ndipo kisa kinapoishia. Hapa nilikuwa ninawaangalia wasikilizaji wangu kwenye benchi la gereji, nimeridhika kama paka wa jikoni, sauti ilipotoka chini ya gari lililokuwa likitengenezwa nyuma yangu.

"Babu, yule mzee aliyeinua gari kwa mkono mmoja?"

"Alikuwa na nguvu sana," nilijibu.

"Alikuwa na shavu limevimba, kalifunga kwa kitambaa cha kijani. Ni hicho hicho ulichovaa shingoni. Hakutoka kwenye benchi, alikuwa analia jino. Na wagonjwa walikuwa wanne, wewe ukiwemo."

Wote wakanigeukia. Kijiti alijitokeza, spana mkononi, akakiweka kikombe cheupe cha bati juu ya benchi, mbele yangu kabisa.

"Mengine yote ni kweli," aliongeza.

Nikainuka, nikatia mkono mfukoni, nikashika njia ya dukani. Nilikuwa sijafika hata kwenye uzio nikamsikia Redio akisema kwamba yeye ana kiu ya mbili.