Mikono Kumi na Miwili ya Kushoto

Kila siku nikirudi kutoka shuleni, nilifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama. Mama yangu ni fundi nguo, na chumba chetu cha mbele ndicho karakana yake. Kwa miaka miwili nilifagia, nikatunga uzi kwenye sindano na kupiga pasi. Mkasi mkubwa nilikuwa nautazama kwa shauku tu.

Kisha mama akapewa kazi ya kushona majoho sita ya kwaya ya watoto kanisani kwetu. Yalitakiwa Jumapili. Jumatano, mama akanikabidhi mkasi.

"Leo utakata mikono ya majoho," alisema. "Kunja kitambaa kwanza, ndipo ukate. Usipoelewa, uliza." Akatoka kwenda kununua vifungo.

Mimi niulize? Nilijiona fundi kamili. Kitambaa kilikuwa kizito, na kikikunjwa kiliusumbua mkasi, basi nikakitandaza hivyo hivyo, nikakata mikono kumi na miwili chapuchapu. Nilipoipanga mezani, nikaliona kosa. Yote ilikuwa ya kushoto! Kumbe kitambaa hukunjwa ili upate wa kulia na wa kushoto kwa mpigo mmoja. Kugeuza nisingeweza, maana kiling'aa upande mmoja tu. Na dukani mama alikuwa amenunua kipande cha mwisho.

Nikaificha mikono ile chini ya meza ya pasi. Mama aliporudi, nikamwambia, "Tayari, mama."

Jioni, mama aliniambia niombee chakula. Nikaanza, "Ee Bwana, tunakushukuru kwa chakula hiki, na kwa mama yetu..." Hapo nikashindwa kuendelea.

"Amina imepotelea wapi?" aliuliza kaka yangu, jicho moja wazi. "Wali unapoa."

Nikaangua kilio na kusema yote. Mama aliivuta mikono ile, akaitazama mmoja mmoja. Niliona jinsi alivyoumia, nikatamani ardhi inimeze.

"Una makosa mawili," alisema hatimaye. "La kwanza ni la mkasi. La pili ni la kunidanganya. Tuanze na hilo la pili."

Tulipiga magoti. Nilimwomba Yesu msamaha, kisha nikamwomba mama. Nilipoinuka, alikuwa ananinyooshea mkasi. Nikarudi nyuma.

"Mama, nitaharibu tena."

"Mungu amenisamehe mimi mara ngapi, na bado ananipa kazi," alijibu. "Mimi ni nani nikunyime mkasi? Shika. Sasa fikiri."

Nikafikiri. Mikono ya majoho hupanuka kuelekea chini. Tukiifupisha yote, sehemu za chini za ile sita iliyozidi zitatosha kukatia mikono mifupi ya kulia. Nilipomweleza mama, macho yake yalicheka.

"Lakini mwenye kazi ni mwalimu wa kwaya," alisema. "Nenda ukamwombe ruhusa wewe mwenyewe."

Kesho yake, nilimkuta mwalimu wa kwaya akipanga viti kanisani. Nilimweleza kila kitu bila kupunguza neno. Aliweka kiti chini, akasema, "Hao watoto kila siku wanalalamika joto. Haya, fupisha."

Nilirudia kuikata mikono yote. Safari hii nilipima mara mbili, na kila nilipokwama nikauliza. Kaka yangu alipita akiniita Fundi Kushoto, nikacheka naye.

Jumapili watoto sita waliimba wakiwa wameinua mikono juu, na majoho yakawakaa sawasawa. Nilijivuna, sifichi. Baada ya ibada, mwalimu wa kwaya alimshika mama mkono mbele ya watu.

"Fundi, hii mikono imekatwa vizuri. Ni wewe uliyeirudia?"

"Ni binti yangu," mama alijibu kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Ameikata mara mbili."

Njiani kuelekea nyumbani aliniwekea mkono begani. "Mwanangu, kukosea kila mtu hukosea. Anayeficha kosa lake hubaki nalo. Anayelipeleka kwa Mungu na kwa aliyemkosea, hufundishwa na kurudishwa kazini. Ninajivunia wewe kwa mara ile ya pili."

Tulipofika, nilichukua ufagio kama kawaida. Mama akaninyang'anya, akampa kaka yangu.

"Fagia wewe," alimwambia. "Fundi ana gauni la kukata kesho."